Mita Mia na Themanini na Saba

Mwaka jana nilipima kwa pikapu ya parokia.
Nilitazama namba za dashibodi, nikanywa soda Khayega,
nikaandika daftarini: kilomita ishirini na moja na ushei.
Ushei ule ndio uliotuponza.

Bi. Jerotich alifika jana kutoka Kapsabet,
baiskeli yake imeviringwa magazeti
kama mtoto anayepelekwa kliniki.
Kwenye ekseli ya mbele kuna kisanduku cha namba,
kidogo kuliko kiberiti.
Kinahesabu mzunguko na vipande vya mzunguko,
wala hakijui kubembelezwa.

Saa kumi na moja na nusu, lami bado ni yetu.
Tunatandaza utepe wa chuma nje ya ukuta wa Bukhungu,
mita mia tatu, kipande kwa kipande.
Mmbone ameshika ncha moja, mimi nyingine.
Hajanitazama tangu tusalimiane.
Mizani ya kupimia samaki inasoma kilo tano.
"Vuta, Katibu. Utepe ukilegea unasema uongo."
Kisha analaza kipimajoto barabarani:
nyuzi kumi na saba.
Chuma nacho hujikunyata kwa baridi, anasema,
tutakifanyia hesabu yake.

Mara nne anapita juu ya mita zile,
anaandika kwa penseli, ananing'iniza filimbi shingoni,
anaondoka.

Pikapu ile ile sasa inamfuata nyuma, taa zikimetameta,
imkinge na matrekta ya miwa.
Yeye hapiti katikati ya njia yake kama raia mwema.
Anapita anapopita mkimbiaji mwenye uchu:
anakata kona, anakwaruza ukingo,
sentimita thelathini, basi.
"Mbio hazimpimi mpole," anasema bila kugeuka.

Shirere, msumari na rangi ya manjano.
Ilesi, msumari na rangi.
Mama mmoja anatoka kibandani na mwiko mkononi:
"Mnabomoa lini?"
Namwambia ni mbio tu, mama.
"Hata wale wa mwaka ule walisema ni nyaya tu."
Ananiangalia mpaka tunapotea.

Nyanya yangu alikuwa akisema, njia ya mwongo ni fupi.
Nilidhani anasema juu ya ulimi.

Sigalagala tunageuka.
Kwa kila kilomita Bi. Jerotich ameongeza mita moja,
kama muuza maharagwe anayemcha Mungu
anapojaza gorogoro mpaka inaota kichuguu.
Asije mtu, anasema, na utepe wake mrefu, akatuaibisha.

Na Mmbone? Saa moja, dakika kumi, sekunde nne.
Tulimbeba mabegani. Kwaya ilifunga barabara.
Baadaye ikaja barua ya mistari mitatu:
muda hautambuliki, njia haina cheti.
Aliisoma dukani kwangu, amesimama,
akaikunja mara nne, akanunua chumvi.

Filimbi inalia.
Mstari wetu wa zamani tumeshaupita,
tumepita mashine ya kusaga, tumepita mfereji,
baiskeli inasimama mbele ya fundi cherehani
anayefungua mbao zake, hajui
kwamba dunia ya mbio sasa inaishia mlangoni pake.
Mita mia na themanini na saba.

Mmbone anarudi hadi mstari wa zamani.
Tunamngoja akimbie.
Anatembea. Polepole, midomo ikihesabu,
kama mtu anayekagua shamba aliloambiwa si lake.
Akifika ananyoosha mkono, nampa nyundo.
Anaupiga msumari mapigo matatu.

"Sekunde thelathini na saba," anasema.
"Ningezikimbia, Katibu.
Kama zingekuwepo."

Sina la kujibu. Nashika kopo la rangi,
kiatu changu kimoja ni cha manjano.
Bi. Jerotich anapuliza vumbi kwenye kisanduku chake.
"Kesho tunapima tena," anasema.
"Mara moja haitoshi."